Lori la jeshi linaloruka barabarani: lipime uzito kabla ya kugusa springi

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nimenunua lori la mizigo aina ya M35A2 lililostaafishwa na jeshi la Marekani, lenye ekseli tatu na matairi 10. Likiwa tupu linaruka kwenye kila kishimo hadi mgongo unauma, na likifika kilomita 70 kwa saa huanza kuhamahama barabarani, ikawa kazi yangu ni kulirudisha kwa usukani bila kupumzika. Nakusudia kulijengea chumba cha kuishi safarini, chenye uzito wa tani 2 hivi. Fundi wa kwanza amenishauri nitoe nusu ya mabapa ya springi za nyuma, wa pili anasema niweke matairi makubwa, na wa tatu anasema niiondoe kabisa ekseli ya mwisho. Nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, naomba nianze na jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya mafundi wako watatu aliyeligusa, nalo ni uzito. Lori la M35 liliingia kazini mwaka 1950, na likaitwa lori la tani mbili na nusu kwa sababu hicho ndicho kiasi, kilo 2,270 hivi, lilichoruhusiwa kubeba nje ya barabara. Kwenye barabara nzuri liliruhusiwa mara mbili yake. Lenyewe likiwa tupu lina uzito wa karibu kilo 5,900, na injini, kabini na giaboksi, ambavyo ndivyo vitu vizito, viko upande wa mbele. Maana yake ni kwamba springi za nyuma zilipimwa ili zibebe tani nne na nusu bila kuvunjika, nawe leo unaziendesha zikiwa zimebeba bodi tupu. Springi hizo hazina kasoro yoyote. Mzigo wake ndio haujafika.

Jambo hili halihitaji kubahatishwa, kwa kuwa lina hesabu nyepesi. Chukua idadi ya sentimita ambazo springi imebonyea kwa uzito ulio juu yake, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawa 5 kwa jibu hilo. Utapata takriban mara ngapi kwa sekunde gari litapanda na kushuka likishatikiswa. Springi iliyobonyea sentimita 25 hudunda mara 1 kwa sekunde, mwendo ambao mwili huupokea kama kubembelezwa, ilhali iliyobonyea sentimita 4 tu hudunda mara 2.5. Mwili wa binadamu hauumizwi na kila mtikiso kwa kiasi kimoja: mitikiso ya wima ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde ndiyo inayotuchosha zaidi, na kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 huipa uzito mkubwa kuliko mingine kwa sababu hiyo. Kadiri springi inavyokuwa ngumu kupita mzigo wake, ndivyo gari linavyousogelea ukanda huo mbaya.

Lipime lori lako mwenyewe. Liegeshe mahali tambarare, pima kwa utepe kutoka chini ya fremu hadi juu ya kila ekseli ya nyuma, pande zote mbili, uandike. Kisha pakia mzigo unaojua uzito wake na upime tena. Mapipa 10 ya lita 200 yakijazwa maji hukupa tani 2 bila ugomvi, na ukimaliza unayamwaga. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tani 2 hizo zimelishusha lori kwa wastani wa sentimita 4. Basi springi zako zinadai nusu tani kwa kila sentimita moja. Ikiwa sehemu ya lori tupu inayokaa juu ya springi za nyuma ni tani moja na nusu, springi hizo zimebonyea sentimita 3 peke yake, na mdundo wake ni karibu mara 2.9 kwa sekunde. Ukiweka chumba chako cha tani 2, zitabonyea sentimita 7 na mdundo utashuka hadi karibu mara 1.9. Unaona, basi, kwamba sehemu kubwa ya dawa unayoitafuta tayari umeipanga mwenyewe. Usizilegeze springi leo kwa ajili ya lori tupu ambalo baada ya miezi michache halitakuwepo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulipeleka lori kwenye mizani ya magari, likiwa na mapipa yale yamewekwa pale chumba kitakapokaa, na kupima kila ekseli peke yake. Ikiwezekana, pima kila upande peke yake, kwa sababu vyumba vya safarini huwa na tangi la maji upande mmoja na betri upande mwingine, na tofauti ya kilo 400 kati ya kushoto na kulia husababisha gari kuegemea ambako watu hukuita ugonjwa wa springi. Tarakimu hizo zitatumika katika kila jambo linalofuata, na la kwanza kati ya hayo ni upepo wa matairi.

Nimeona malori mengi ya aina hii yakiendeshwa matupu huku matairi yake yakiwa na upepo wa mzigo kamili, kwa kuwa ndivyo kibandiko kilichoko ndani ya kabini kinavyosema. Tairi ni springi pia, na ndiyo springi ya kwanza kukutana na jiwe. Mtengenezaji wa tairi huchapisha jedwali linaloonyesha kila kiasi cha upepo kinabeba kilo ngapi; linganisha uzito uliopata kwenye mizani na jedwali hilo, ongeza akiba kidogo, na usishuke chini ya hapo. Kisha hakiki kwa chaki: chora mstari mnene wa chaki unaokatiza uso wote wa tairi kutoka ukingo hadi ukingo, endesha mita 100 kwenye lami iliyonyooka, ushuke utazame. Chaki ikifutika katikati tu huku kingo zikibaki nyeupe, upepo umezidi. Ikifutika kingoni huku katikati ikibaki, umepungua. Ni kazi ya dakika 10 na haina gharama, lakini kwenye lori tupu hakuna badiliko jingine linaloonekana upesi namna hii.

Baada ya upepo, tairi lenyewe. Lori lako lilitoka kiwandani na matairi ya ukubwa wa 9.00-20 yenye meno makubwa yanayofanana ukiyaangalia kutoka mbele au nyuma, na ndani yake nyuzi zimepangwa kwa mshazari, safu moja ikikatiza nyingine. Tairi la namna hiyo lina ubavu mgumu, na uso wake hujikunja kila linapopita juu ya kitu, hivyo hufuata kila mfereji uliochimbwa barabarani na magari mazito. Huko kuhamahama kwa kilomita 70 kwa saa, kwa sehemu, ndiko huko. Tairi la radiali lina nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo na mkanda mgumu chini ya uso wake. Ubavu hulainika, uso hutulia. Jeshi la Marekani lenyewe lilifika kwenye uamuzi huo. Mwaka 1999 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walitoa ripoti kuhusu ajali za M939, lori la tani 5 ambalo ni kaka mkubwa wa lako. Kasi yake ilikuwa imewekewa kikomo cha maili 40 kwa saa, yaani kilomita 64 hivi, na marekebisho yaliyopangwa yalikuwa kubadilisha matairi ya mshazari kwa radiali pamoja na kuweka mfumo wa kuzuia breki zisigande. Toleo la mwisho la lori lako, M35A3, nalo lilipewa matairi ya radiali ya 14.5R20, moja moja badala ya jozi kwa nyuma, pamoja na usukani unaosaidiwa na nguvu ya mafuta.

Fundi wako wa pili ana haki, basi, ila hakukwambia bei yake. Tairi la 9.00-20 lina kimo cha sentimita 103 hivi, na la 395/85R20, ambalo wengi hulipenda, lina sentimita 118. Gurudumu likikua kwa asilimia 14 au 15, gari hupata kasi zaidi kwa mzunguko uleule wa injini, jambo zuri kwa ekseli zako zenye uwiano mzito wa 6.72 kwa 1, yaani shafti huzunguka mara 6.72 ili gurudumu lizunguke mara 1; lakini nguvu ya kupanda mlima hupungua kwa karibu asilimia 13, na nguvu ya breki mahali tairi linapogusa ardhi hupungua vivyo hivyo, kwa kuwa ngoma ya breki haikukua. Usukani wako usio na msaada wowote nao utakuwa mzito zaidi wakati wa kuegesha. Pima pia kama tairi halitagusa springi au fremu usukani ukikatwa hadi mwisho huku ekseli imepanda upande mmoja.

Ukinunua matairi yaliyotoka jeshini, soma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1207 ni wiki ya 12 ya mwaka 2007. Tairi linaweza kuwa na meno yote na likawa gumu kama kwato. Iko pia herufi ya kasi: F ni kilomita 80 kwa saa, G ni 90, J ni 100 na K ni 110. Lori halipaswi kukimbia kuliko herufi hiyo, hata kama umeliwekea injini mpya.

Jambo moja hapa silitaji kama ushauri bali kama onyo. Rimu nyingi za malori haya ni za vipande, zenye ringi ya chuma inayolizuia tairi lisitoke. Ringi hiyo ikiruka tairi likiwa na upepo, inaua. Kabla hujalegeza nati hata moja, toa kiini cha valvu na uhakikishe upepo wote umekwisha, katika matairi yote mawili ya jozi. Unapojaza, tairi liwe ndani ya kizimba cha chuma na wewe usimame mbali, pembeni, kwa bomba refu. Asiye na kizimba apeleke kwa aliyenacho.

Sasa tuje kwenye springi, ambako naona ndiko penye hazina iliyofichika. Springi zako ni za mabapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa katikati kwa senta bolti na bolti za umbo la U. Springi ikibonyea, kila bapa hulazimika kuteleza juu ya mwenzake. Lori lililokaa uwanjani miaka 10 kwenye mvua huwa na kutu kati ya mabapa, na kutu hiyo huyagandisha hata yakawa kama boriti moja. Kwenye kishimo kidogo springi hiyo haibonyei kabisa. Lori zima huruka juu ya upepo wa matairi peke yake, ambayo hayana cha kuyatuliza. Mpanda lori huapa kwamba springi ni ngumu mno, na kumbe springi haijaanza hata kufanya kazi. Niliwahi kufungua springi za mbele za lori la namna hii ambalo mwenyewe alikuwa ameshaagiza nyingine: mabapa yalitengana kwa kugongwa kwa nyundo, na unga mwekundu ulimwagika sakafuni hata ukajaza kopo la rangi. Tuliyasugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, tukalainisha kwa tupa makali yaliyochimbwa na ncha za mabapa kwenye mabapa ya juu yake, tukapaka mchanganyiko wa grafiti na kuyafunga upya. Springi zilizoagizwa hazikutumika.

Kazi hiyo ina hatari yake. Mabapa yamefungwa yakiwa yanasukumana, na senta bolti ikifunguliwa bila mabapa kubanwa, huachana kwa kishindo. Bana furushi zima kwa vibanio viwili imara au ndani ya jiliwa kubwa kwanza, kisha ondoa bolti, halafu legeza vibanio polepole. Bolti za umbo la U zikishafunguliwa hazirudishwi. Nunua mpya, zikaze kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na uzikaze tena baada ya kilomita 100 au 200, kwa sababu rangi na uchafu uliobaki hujibana na kuacha nafasi. Nyuma, springi imelalia kwenye egemeo la katikati lenye beringi, na ncha zake hukaa juu ya ekseli mbili. Beringi za egemeo hilo huhitaji kusafishwa, kutiwa grisi na kurekebishwa, na ni nadra sana kukutana na mtu aliyewahi kuzigusa.

Lakini angalia: msuguano uleule wa mabapa ndio uliokuwa ukizuia lori lisidunde bila kikomo, kwa sababu ekseli zako za nyuma hazina shokapu hata moja. Waliolisanifu waliuachia msuguano kazi hiyo. Ni mtulizaji mbaya, kwa kuwa hukataza zaidi pale kishimo kilipo kidogo na hushindwa pale kilipo kikubwa, ila ni mtulizaji. Ukiuondoa bila kuweka kitu mahali pake, lori litakuwa laini kwa mita 10 za kwanza na la kutisha kwenye kona. Kwa hiyo anayesafisha springi za nyuma aweke na shokapu papo hapo. Shokapu hukataa kulingana na kasi ya mwendo wake, na hicho ndicho tunachotaka. Mbele zipo tangu kiwandani. Zibadilishe, kwa kuwa baada ya miongo kadhaa zimebaki kuwa mapambo.

Mahali pa kuzifunga shokapu za nyuma pana umuhimu kuliko jina lililochorwa juu yake. Zisimame wima kadiri nafasi inavyoruhusu: shokapu iliyolazwa kwa nyuzi 45 hufanya nusu tu ya kazi ambayo ingeifanya ikiwa imesimama. Inua ekseli kwa jeki hadi mpira wa kizuizi uguse, pima urefu. Iache ining'inie, pima tena. Shokapu lazima iwe fupi kuliko kipimo cha kwanza ikikunjwa na ndefu kuliko cha pili ikivutwa, la sivyo yenyewe itageuka kuwa kizuizi na kung'oa vishikio vyake. Vishikio vifungwe kwenye ukuta wa wima wa fremu; usitoboe wala kuchomelea kwenye mdomo wake wa juu au wa chini, maana ndiko nguvu ya kupinda ilikojikusanya. Ukimaliza, funga kamba nyembamba ya plastiki kuzunguka fimbo ya shokapu, uisukume hadi chini, uendeshe. Mahali itakapokuwa imesukumwa ndipo springi ilipofika, nawe utajua kama unatumia sentimita 3 au 13 za nafasi uliyonayo.

Hapo ndipo tunapoweza kulijadili pendekezo la kutoa mabapa. Ukitoa mabapa 2 kati ya 10 yenye unene sawa, ugumu wa springi hupungua kwa asilimia 20, lakini mdundo, kwa sababu ya kile kipeuo cha pili, hupungua kwa asilimia 11 tu. Wakati huohuo kila bapa lililobaki hubeba asilimia 25 zaidi kwa mzigo uleule, na lori hushuka. Kutoa nusu, kama ulivyoshauriwa, hupunguza mdundo kwa chini ya theluthi na huongeza mzigo wa kila bapa mara mbili. Sisemi ni marufuku: kwa lori ambalo kamwe halitabeba zaidi ya tani 2 juu ya bodi, kutoa mabapa mawili ya katikati kwa kila upande ni jambo ninalolikubali, mradi bapa kuu na la pili yake yabaki, nafasi ijazwe kwa kipande cha chuma cha unene uleule ili bolti ziendelee kubana, na uwezo mpya wa mzigo uandikwe mahali ambapo atakayelinunua lori baada yako atauona. Lakini lifanywe mwisho, baada ya kutu kuondoka na chumba kuwekwa. Mara nyingi mtu akifika hapo haoni tena sababu ya kuyatoa.

Kuhusu kuhamahama, matairi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nafasi ndogondogo za uchakavu zilizokusanyika. Zima injini, magurudumu yakiwa chini, mwombe mtu auchezeshe usukani kushoto na kulia kwa kiasi cha kiganja kimoja huku wewe umelala chini ya gari ukifuata mwendo huo kwa macho: kutoka boksi la usukani hadi mkono wake, hadi fimbo ndefu inayokwenda mbele, hadi tairodi, yaani fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, hadi gurudumu. Mahali mwendo unapopotelea ndipo penye ugonjwa. Kisha inua gurudumu na ulitikise juu na chini kukagua kingpini, yaani pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia, na beringi. Wengi huishia hapo, nao hukosa chanzo kilichoko nyuma. Ekseli zako za nyuma hushikiliwa zisisogee na fimbo sita za chuma, tatu kwa kila ekseli, zenye bushi kwenye ncha zake; bushi zikilika, ekseli ya nyuma hujigeuza kidogo kila unapokanyaga au kuachia mafuta, na gari linajiendesha kwa nyuma kama mashua. Dereva hulaumu usukani bure.

Mwelekeo wa magurudumu ya mbele unaweza kuupima bila mashine. Inua gurudumu, lizungushe huku ukipuliza rangi katikati ya uso wake, kisha lizungushe tena ukiwa umeshikilia msumari mahali pamoja ili uchore mstari mwembamba juu ya rangi. Fanya pande zote mbili, shusha lori, lisogeze mita chache ili springi zitulie, kisha pima umbali kati ya mistari hiyo miwili kwa kimo cha habu, mbele na nyuma ya magurudumu. Mbele pawe pembamba kwa milimita chache tu. Kipimo cha kitabu kiliandikwa kwa ajili ya matairi ya mshazari. Radiali huhitaji kipimo kilicho karibu zaidi na sifuri, na ukikiacha kile cha zamani utaona kingo za nje zikiliwa mapema.

Usukani wa msaada ni anasa hadi ukiwa umeweka matairi mapana, na hapo unakuwa usalama. Njia nyepesi ni silinda ya mafuta inayosukuma tairodi. Njia iliyo bora ni kubadilisha boksi zima kwa la lori la kiraia lenye uzito unaolingana. Hakikisha tu kwamba fimbo inayotoka kwenye boksi inabaki karibu na usawa lori likiwa na mzigo wake, kwa sababu ikiwa imeinama sana kila kishimo kitaugeuza usukani chenyewe.

Breki sikuziacha mwisho kwa kudharau. Ningekuwa mimi, ningezifanya kabla ya matairi makubwa. M35A2 hutumia upepo kusukuma mafuta ya breki, na mafuta hayo hupita katika mzunguko mmoja tu kwa magurudumu yote. Mpira mmoja ukipasuka, lori zima halina breki. Kuugawa mzunguko huo kuwa miwili, mbele na nyuma, ni kazi inayojulikana, na sioni sababu ya mtu kuilaza familia yake nyuma ya lori ambalo halijafanyiwa hivyo. Jua pia kwamba jeshi la Marekani liliyahamishia magari yake kwenye mafuta ya breki ya silikoni, DOT 5, ambayo kwa kawaida yana rangi ya zambarau; usiyachanganye na DOT 3 wala DOT 4. Ukitaka kubadilisha aina, safisha mfumo mzima.

Chumba chenyewe kitaamua mengine. Fremu ya lori la jeshi imetengenezwa ijinyonge njia inapokuwa mbaya, na kujinyonga huko ni sehemu ya springi. Ukifunga sanduku gumu moja kwa moja juu yake, utapoteza ulaini, na baada ya muda kitu kitapasuka. Weka fremu ndogo ya kati, iliyofungwa imara upande mmoja na kuachiwa ipumue kwa springi upande wa pili. Na uweke vitu vizito chini. Gawa umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito, upate ni sehemu gani ya uzito wa lori ambayo nguvu ya pembeni ya kona ikiifikia lori hupinduka: mita 1.8 na kimo cha mita 1.2 hukupa 0.75; kimo kikipanda hadi mita 1.5 unabaki na 0.6, na hayo ni makadirio ya gari lisiloegemea kabisa. Lori lililolegezwa springi huegemea, hivyo kikomo chake halisi ni cha chini zaidi. Hapa ndipo ulaini na utulivu wa kona vinapogombana, na stabilaiza, yaani fimbo ya chuma inayozuia gari kuegemea upande mmoja, kwenye ekseli ya mbele husuluhisha kwa kiasi, ingawa hupunguza uhuru wa magurudumu kupanda na kushuka nje ya barabara. Kiti cha dereva chenye springi ya upepo nacho kitakupunguzia maumivu kwa kazi ya siku moja, mradi mkanda ufungwe kwenye kiti chenyewe ili vyote viwili vipande na kushuka pamoja. Ila abiria wako ataendelea kulalamika.

Imebaki ekseli ya mwisho. Wanaoiondoa hupata lori fupi linalogeuka mahali padogo na linalopendeza kwenye picha. Lakini fikiri gurudumu linapopanda jiwe la sentimita 10: kwa mpangilio wako wa sasa, springi ikiwa imelalia katikati ya ekseli mbili, egemeo lake hupanda sentimita 5 tu, kwa kuwa ekseli ya pili bado iko chini. Ekseli mbili za nyuma ni kilainishi ulichokwisha kupewa bure. Ukiondoa moja, jiwe lote litapanda hadi kwenye fremu, na fremu ikifupishwa lori litainua na kuinamisha pua kwa haraka zaidi. Unapoteza pia breki za magurudumu mawili katika gari ambalo unataka kuliongezea tani 2. Mshukuru fundi wako wa tatu, na ekseli hiyo iache mahali pake.